Udahili wa California: Alama, Masomo na Insha Nne

Atakaye kusoma shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha California hujaza fomu moja kwa kampasi zote 9, na fomu hiyo ina sharti ambalo sisi tuliozoea matokeo ya Kidato cha Sita kutangazwa na Baraza la Mitihani hatuna budi kulistaajabia: mwombaji huandika alama zake mwenyewe, somo kwa somo na muhula kwa muhula, pasipo kuambatisha ithibati yoyote. Daftari la shule hutakiwa baada ya kukubaliwa, na likipingana na aliyoyaandika, nafasi yaweza kubatilishwa.

Masomo ya lazima ni 15 ya mwaka mzima, ambayo 11 kati yake sharti yawe yamekwisha kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Lakini wastani wa alama hautokani na yote, kwa kuwa huhesabiwa darasa la 10 na la 11 tu, A ikiwa pointi 4, B 3 na C 2, na vile vialama vya kujumlisha na kutoa vilivyo ubavuni mwa herufi hupuuzwa. Masomo ya kiwango cha juu huongezewa pointi 1 kwa kila muhula, ila nyongeza haivuki mihula 8. Tuchukue mwanafunzi mwenye alama 20 za mihula, A 14 na B 6: jumla yake ni 74, wastani 3.70, akipata nyongeza zote 8 hufika 4.10. Mwenzake mwenye alama zizo hizo, aliyesoma mihula 12 ya masomo hayo katika shule ya matajiri, angefika 4.30 lau si kikomo hicho, naye pia husimama penye 4.10. Kwa rai yangu, hapa ndipo penye busara kubwa ya mpango mzima, maadamu shule za mafukara aghalabu hazina masomo hayo kwa wingi.

Mitihani ya SAT na ACT, ambayo bodi ya chuo iliamua mwaka 2020 kuachana nayo, haitazamwi tena katika kudahili. Barua za kusifiwa na walimu nazo kwa kawaida hazitakiwi. Kwa hiyo mzigo mkubwa huziangukia insha: mwombaji huchagua maswali 4 kati ya 8, na kila jibu lisizidi maneno 350. Kipimo hicho hakina wasaa wa dibaji wala madoido, na wengi huharibikiwa hapo kwa kudhani wanatakiwa waonyeshe ufasaha, ilhali msomaji wa fomu anatafuta habari zisizopatikana katika alama. Anayesema bayana kwamba hisabati ilimshuka darasa la 10 kwa sababu alishinda dukani kila jioni akimsaidia mamaye, kisha akaeleza alivyoinyanyua, amempa msomaji kitu cha kuweka mkabala na ule wastani. Aliyejaza nafasi hiyo kwa methali za ujasiri amemwachia tarakimu peke yake.