Viungo vya onyesho la Noeli: jinsi bendi moja inavyobeba waimbaji wengi

Onyesho la sikukuu, kwa jinsi linavyoeleweka mashariki mwa Kongo, ni programu ya saa kadhaa ambamo waimbaji wa muziki wa variete, jina wanalolitumia Wakongo kwa muziki usio wa ibada, hupokezana jukwaa na wacheza dansi, wachekeshaji na pengine kwaya, aghalabu kati ya Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya. Katika mji mdogo kama Katogota, kando ya barabara ya taifa namba 5 inayopita bonde la Ruzizi kati ya Uvira na Bukavu, onyesho la namna hiyo haliwezi kumpa kila mwimbaji bendi yake. Wapiga magitaa, besi na drams ni walewale tangu mwanzo hadi mwisho, na waimbaji ndio wanaokuja na kuondoka. Hali hiyo ndiyo inayoamua namna mazoezi yanavyopaswa kupangwa. Bendi inayotumia muda wake wote kukariri nyimbo itajikwaa jukwaani, kwa kuwa onyesho la mchanganyiko huharibikia kwenye viungo, yaani pale wimbo unapobadili mwendo, mwimbaji anapompisha mwenzake, na ufunguo mmoja wa sauti unapouachia mwingine nafasi.

Mfano mkubwa wa bendi ya kuunganishwa katika historia ya Kongo ni ule wa Januari 1960, wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara mjini Brussels, ambapo Joseph Kabasele, aliyejulikana kama Grand Kallé, alisafiri na kundi ambalo halikuwa bendi yake ya African Jazz tupu. Nico Kasanda na kaka yake Dechaud walishika magitaa, Roger Izeidi na Petit Pierre walitoka pia African Jazz, lakini Vicky Longomba na Brazzos walikuwa watu wa OK Jazz, bendi shindani, na Brazzos, aliyezoeleka kwa gitaa, alishika besi. Kundi hilo ndilo lililoutoa wimbo Indépendance Cha Cha katika siku zilezile tarehe 30 Juni ilipokuwa ikikubaliwa kuwa siku ya uhuru. Kuutazama mfano huo kama bahati ya watu wenye vipaji ni kuupunguzia thamani, kwani kilichowawezesha wanamuziki wa nyumba mbili kupiga pamoja kwa haraka kiasi hicho ni umbo la muziki wenyewe: cha-cha-cha na rumba vilikuwa na mizunguko mifupi ya kodi ambayo kila mmoja aliijua, hivyo lililobaki la kupatana lilikuwa nani aingie wapi na kwa ishara gani.

Umbo hilo limebadilika tangu wakati huo, na badiliko lake kuu linahusu moja kwa moja mazoezi ya sikukuu. Zaïko Langa Langa, kundi lililoundwa Kinshasa mkesha wa Noeli, 24 Desemba 1969, liliacha tarumbeta na saksofoni, likaweka mbele safu ya waimbaji kadhaa, na likaipa nafasi kubwa zaidi sebene, yaani sehemu ya pili ya wimbo ambamo maneno hunyamaza na magitaa hurudiarudia vifungu vifupi juu ya kodi mbili au tatu ili watu wacheze. Mpiga drams wake, Meridjo Belobi, ndiye anayehusishwa na mdundo wa cavacha, ambao ulienea Afrika Mashariki yote katika miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kundi hilohilo likamleta mbele atalaku, mpiga kelele za kuchangamsha, anayetaja mitindo ya dansi na majina ya watu huku akitikisa kayamba ambayo kwa desturi ilitengenezwa kwa kopo la dawa ya wadudu. Bendi za Dar es Salaam, kama vile DDC Mlimani Park, iliyoanza 1978 na kuuita mtindo wake Sikinde, zilikuwa na mgawanyo unaofanana, na wapenzi wake huiita sehemu ya kasi chemko, neno ambalo pengine ndilo fasili bora kuliko zote.

Tofauti kati ya sehemu hizo mbili ni ya msingi kwa anayepanga mazoezi. Sehemu ya maneno ina urefu unaojulikana, kwa hiyo inaweza kukaririwa. Sebene haina urefu, kwa sababu huendelea kadiri uwanja unavyocheza. Kinachofanyiwa mazoezi katika sebene, basi, ni ishara: mpigo wa drams unaoashiria kwamba mzunguko ujao ni wa mwisho, mwito wa atalaku unaobadili dansi, au kifungu cha gitaa la solo ambacho wengine wakikisikia hujua kwamba wanarudi kwa mwimbaji. Ishara zikizidi huchanganya, hasa pale ambapo waimbaji wamekutana na bendi kwa mara ya kwanza wiki ileile. Tatu zinatosha, ya kuingia, ya kubadili na ya kufunga, mradi ziwe zilezile kwa kila mwimbaji, hata yule ambaye katika bendi yake ya kawaida amezoea nyingine.

Mwenye kubeba mzigo usioonekana hapa ni mpiga mi-solo, gitaa la kati linalosimama baina ya gitaa la solo, linaloimba juu, na gitaa la kusindikiza, linaloshikilia kodi chini. Kazi yake ni kurudia kifungu kimoja cha sauti chache bila kupungua nguvu, dakika baada ya dakika, na ndiye anayemwezesha mwenye solo kutoka, kutangatanga na kurudi bila msikilizaji kuhisi pengo. Mwenye solo akikatikiwa na uzi, mi-solo hubaki. Mwimbaji akichelewa kupanda, mi-solo hubaki. Kwa sababu hiyo ni kosa, ingawa ni kosa la kawaida, kumpa nafasi hiyo kijana mgeni kwa kudhani kwamba kifungu kifupi ni kifungu rahisi. Mazoezi mazuri humwacha apige peke yake na drams kwa muda mrefu, wengine wakisikiliza, mpaka wote waweze kuingia juu yake wakiwa wamefumba macho.

Suala la ufunguo hutatuliwa kwa kifaa kidogo. Mwimbaji mwanamke na mwimbaji mwanamume huimba kwa nadra katika ufunguo mmoja, na bendi inayobadili vidole kwa kila mgeni hujichosha na kukosea; ndiyo maana wapiga magitaa hufunga kibano shingoni mwa gitaa, ambacho huzibana nyuzi zote kwa pamoja na kuzipandisha sauti, mkono ukibaki na maumbo yaleyale uliyoyazoea. Besi haina msaada huo, na mpiga besi ndiye anayepaswa kuwa na orodha ya funguo iliyoandikwa. Orodha hiyo ndiyo inayopaswa kupanga mfuatano wa waimbaji, kabla ya umaarufu wao, ili wawili wenye ufunguo mmoja wafuatane na mmoja ampokee mwenzake ndani ya sebene, bila muziki kukatika.

Gharama ya umeme wa jenereta na mafuta yake hulazimisha utaratibu ambao, kwa kweli, ni mzuri hata pasipo shida hiyo: siku za kwanza magitaa hupigwa makavu, ngoma hupigwa kwa mikono juu ya meza au kopo, waimbaji wakiimba bila vipaza sauti, na sono, yaani mitambo ya sauti, huwashwa mara moja tu, katika mazoezi ya jumla. Anayemsikia mwenzake bila spika hujifunza kusikiliza. Katogota, ambayo wengi walio mbali huijua kwa mauaji ya 14 Mei 2000 peke yake, inastahili kujulikana pia kwa furaha yake, na furaha hiyo inastahili kuandaliwa kwa uangalifu wa namna hii.

Mkesha wa Bonane una kiungo kimoja ambacho usiku mwingine hauna. Saa sita kamili bendi lazima inyamaze, katikati ya sebene, popote ilipofika, ili watu wahesabu sekunde na kupokea mwaka. Zoezi lake ni kumweka mtu asiye mwanamuziki mbele ya bendi, mwenye saa mkononi, ambaye huinua mkono wakati wowote apendao, mara baada ya dakika moja, mara baada ya kumi. Mpiga drams, ambaye macho yake hayaruhusiwi kumwacha mtu huyo, hutoa mpigo wa kufunga, na magitaa yote hukoma mwishoni mwa mzunguko uleule, mi-solo ikiwa ya mwisho kunyamaza na ya kwanza kuanza tena.