Bunduki Fupi, Risasi Nzito: Iguswe au Iachwe?

Katika sebule nyingi za Mudhaibi, huko Sharqiyah nchini Oman, ukutani kuna Martini-Henry iliyokatwa mtutu, ikavikwa pete za fedha na kufungwa mkanda wa ngozi. Wazee huiita sama'a. Ni nyepesi, nyingi hazizidi kilo tatu na nusu, lakini risasi yake ina unene wa zaidi ya milimita 11, karibu mara mbili ya zile za bunduki za kijeshi za leo. Aliyeirithi akijaribu kuipiga na risasi kamili, pigo la kwanza humwachia bega linalouma na maswali matatu. Aiongezee uzito? Atoe mtutu atie mwingine wa risasi za kisasa? Au airudishie urefu wake wa kiwandani?

Jibu langu ni kwamba chuma kiachwe kama kilivyo. Kinachofaa kuguswa ni risasi.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Jeshi la Uingereza liliikubali Martini-Henry mwaka 1871. Mtambo ni kazi ya Friedrich von Martini wa Frauenfeld, Uswisi, na mtutu ni wa Alexander Henry wa Edinburgh. Ukivuta wenzo ulio chini ya kifyatuo, kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu kinashuka, ganda tupu linatoka, unatia risasi nyingine kwa mkono. Moja moja, hakuna magazini. Ilipotoka kiwandani mtutu ulikuwa na milimita 843, na bunduki nzima ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.9. Risasi yake ya gramu 31 ilisukumwa na baruti nyeusi ya gramu 5.5, ikatoka kwa mwendo wa takriban mita 411 kwa sekunde.

Zilifikaje Sharqiyah? Kwa biashara, na kwa kiasi fulani kwa sababu ya sheria iliyoandikwa Ulaya kwa ajili ya Afrika. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulibana uuzaji wa bunduki za kisasa katika ukanda wa Afrika ulio kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini mwa Ikweta. Zanzibar na mwambao wote ukaingia ndani ya ukanda huo. Muscat haikuwamo. Mtu mwenye mnazi Unguja na mtende Mudhaibi akawa na nyumba mbili zenye sheria mbili: huku silaha zinazuiwa, kule zinashushwa bandarini kwa makasha. Wafanyabiashara wa kila taifa walikuwapo, akiwemo Mfaransa Antonin Goguyer, aliyewaudhi sana Waingereza. Sehemu kubwa ya mzigo ilivuka bahari kwenda Makran na kuendelea mpaka Afghanistan, nyingine ikapanda na ngamia kuingia bara la Oman. Mwaka 1912 Sultani Faisal bin Turki, kwa kusukumwa na Waingereza, alifungua ghala moja ambamo kila bunduki ilipaswa kupitia. Makabila ya bara hayakupendezwa. Mwaka uliofuata Salim bin Rashid al-Kharusi akachaguliwa kuwa Imamu, na Sheikh Isa bin Salih al-Harthi wa Sharqiyah akasimama naye dhidi ya Sultani. Bunduki haikuwa sababu pekee ya uasi ule, lakini ilikuwamo.

Sasa twende kwa fundi aliyeshika msumeno. Watu wa siku hizi husema alikata mtutu kwa ujinga, au kwa sababu mdomo ulikuwa umelika. Mimi naona alikuwa anajibu swali la msafiri. Bunduki ya kiwandani, ncha mpaka kitako, ilikaribia mita moja na robo. Mpandaji ngamia anayeining'iniza begani huikuta ikigonga tandiko, ikinasa miba ya misamuri, ikimchelewesha kushuka. Ukitoa milimita 300 hivi mbele, unatoa karibu gramu 400 za chuma. Ongeza ufito wa kusafishia na kipande cha mti kilichokwenda nao, unabaki na silaha ya kama kilo 3.3 ambayo inakaa mgongoni bila kumsumbua mwenyewe. Na uzito aliouondoa ni ule wa mbele kabisa, unaochosha mkono kuliko mwingine wote. Kazi hiyo haikufanywa ovyo.

Je, teke lilizidi kiasi gani? Hapa inafaa tupige hesabu, maana watu wengi hukisia. Nguvu inayoirudisha bunduki nyuma hutokana na vitu viwili: risasi inayotoka, na moshi wa baruti unaotoka nyuma yake. Moshi wa baruti nyeusi nauhesabu kwa mwendo wa mita 600 kwa sekunde. Bunduki ndefu: gramu 31.1 kwa mita 411, jumlisha gramu 5.5 kwa mita 600, gawanya kwa kilo 3.9. Unapata bunduki inayorudi begani kwa mwendo wa mita 4.1 kwa sekunde, ikiwa na nishati ya kama joule 33. Bunduki iliyokatwa hupoteza mwendo wa risasi kidogo, tuseme ishuke mpaka mita 390. Gawanya kwa kilo 3.3, unapata mita 4.7 kwa sekunde na joule 36.

Kutoka 33 hadi 36 ni ongezeko la chini ya moja ya kumi. Msumeno umelaumiwa mno. Teke lilikuwapo tangu kiwandani, na askari wa Malkia Victoria walilijua vizuri: kitako chembamba cha chuma, mti uliolala chini hata shavu halipati pa kukaa sawasawa, na mtutu unaochemka baada ya risasi chache hadi wengine wakaushonea ngozi ya ng'ombe ili waweze kuushika. Kilichozidi kwa ile fupi ni kishindo na moto mdomoni, kwa sababu mdomo umesogea karibu na masikio. Mpigaji husikia mshindo mkubwa akadhani amepigwa zaidi.

Tuijaribu dawa ya kwanza, kuongeza uzito. Toboa kitako, tia risasi ya kuyeyusha nusu kilo. Bunduki inakuwa kilo 3.8, nishati inashuka hadi joule 31 hivi. Umeutoboa mti wa zaidi ya miaka mia, umehamishia uzito nyuma kabisa, na umepunguziwa joule tano tu. Dawa ya pili, mtutu mwingine wa risasi za kisasa? Tutaifikia. Kwanza tutazame walichofanya Waingereza wenyewe walipotaka Martini fupi.

Mwaka 1877 walitoa Martini fupi ya wapanda farasi na ya watu wa mizinga, yenye mtutu wa milimita 540 na ushei na uzito wa kama kilo 3.4. Hiyo ni karibu sawa na ile iliyotoka mikononi mwa fundi wetu. Wangeweza kuiacha ile risasi ya gramu 31, nayo ingeingia vizuri kabisa. Hawakufanya hivyo. Walitengeneza risasi yake maalumu, ya gramu 26.6, yenye baruti ya gramu 4.5. Irudishe katika hesabu ile ile, kwa mwendo wa mita 350, ndani ya bunduki ya kilo 3.3: mita 3.6 kwa sekunde, joule 22. Kutoka 36 hadi 22. Karibu theluthi mbili ya teke ndiyo iliyobaki, wala hapana msumari uliopigwa wala tundu lililotobolewa.

Huo ndio ushahidi ninaoutegemea. Watu waliokuwa na viwanda, mashine za kukereza na fedha za dola nzima, walipokutana na tatizo hili hili walilitatua kwenye ganda la risasi.

Na asiyepunguza risasi huona matokeo yake. Mwindaji Frederick Selous, aliyezikwa Beho Beho karibu na Rufiji baada ya kuuawa vitani tarehe 4 Januari 1917, alianza kuwinda tembo na bunduki za kipenyo cha namba 4 zilizotengenezwa na Hollis wa Birmingham: laini ndani, za kushindilia kwa mdomo, na nyepesi mno kwa ukubwa wake, chini ya kilo sita. Bunduki za namba hiyo kwa kawaida zilikuwa na uzito wa kilo tisa au kumi. Risasi moja ilikuwa robo ratili, na baruti alichota kwa mkono kutoka mfukoni. Tembo alipata wengi. Baadaye aliandika kwamba mateke yale yalimharibia mishipa ya fahamu na kumvurugia shabaha, na kwamba anajuta kuzitumia. Yule alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mwili wa chuma.

Turudi kwenye dawa ya pili. Waingereza wenyewe waliibadilisha Martini ichukue risasi nyembamba ya .303 kuanzia mwisho wa miaka ya 1880, ikaitwa kwanza Martini-Metford, kisha Martini-Enfield, kwa hiyo mtu atauliza kwa nini isifanyike leo. Inafanyika, lakini wao waliweka mtutu mpya na sehemu mpya za mtambo, kwa chuma walichokijua kilikotoka. Bunduki ya Sharqiyah haina uhakika huo. Tazama ubavu wake wa kulia. Ikiwa ni ya serikali utakuta taji, herufi V.R., jina la kiwanda na mwaka. Nyingi ziliundwa na viwanda binafsi vya Birmingham na Liège, na nyingine ni nakala za mafundi wa mipaka ya Afghanistan, ambao wakati mwingine walipiga hata herufi kinyume. Baruti ya kisasa inasukuma kwa shinikizo lililo zaidi ya maradufu ya ile nyeusi. Kutia shinikizo hilo katika chuma usichokijua asili yake ni kucheza na uso wako. Hili halina mjadala kwangu.

Isitoshe, itawinda nini? Swala wa Arabuni, na tahr, yule mbuzi mwitu wa milima ya Hajar, wanalindwa na sheria, na Amri ya Kisultani namba 6 ya mwaka 2003 imeweka wazi adhabu za wanaowaua. Oman inajua gharama ya bunduki na gari kukutana jangwani: choroa wa mwisho wa mwituni aliuawa Jiddat al-Harasis mwaka 1972, na ilibidi wanyama waliozalishwa Marekani waletwe na kuachiwa pale pale mwaka 1982. Bunduki ya urithi leo kazi yake ni razha, ile ngoma ya jadi ya panga, harusi na Idi, kwa baruti tupu, na mara moja moja shabaha ya karatasi mahali palipoidhinishwa. Kumiliki na kubeba kote kunahitaji kibali cha Polisi ya Kifalme ya Oman, chini ya sheria ya silaha ya mwaka 1990. Anayetaka kuitengeneza aanzie hapo kabla hajamwona fundi.

Kwa shabaha ya karatasi, basi, risasi ya gramu 26 na baruti nyeusi iliyopunguzwa inatosha. Maganda yake hutengenezwa kwa maganda ya shaba ya bunduki ya marisau namba 24, yakabanwa shingo. La kuangalia ni kwamba baruti nyeusi haitaki nafasi tupu ndani ya ganda. Ikipunguzwa, pengo lijazwe, na kazi hiyo aifanye mwenye leseni na ujuzi, si binamu mwenye mizani ya jikoni. Na usishangae ukipiga chini. Hata ile risasi kamili, ikitoka bunduki ndefu, inashuka kama mita moja na nusu ikifika mita 200. Alama za kilengeo cha nyuma ziliwekwa kwa mtutu ambao zaidi ya theluthi yake imekwisha kuondoka, hazina maana tena. Ukitaka bega lipumzike zaidi, vika kitako mfuko wa ngozi wenye sufu ndani, wa kufunga kwa kamba. Ukimaliza unauvua.

Kurudisha urefu wa kiwandani ndilo shauri baya kuliko yote, ingawa ndilo linalosikika la heshima. Utapata Martini moja ya kawaida, na dunia inazo nyingi, kwa kuivunja sama'a moja ya Sharqiyah. Zile pete za fedha zina akili yake. Sonara aliyeyusha reale za Maria Theresa, kila moja gramu 28, akazizungushia mahali mti na mtutu vinapokutana. Pete tano au sita zinarudisha gramu mia na kitu mbele ya mkono wa kushoto, na zinashika mti uliopasuka. Sidhani alikuwa anapigia hesabu teke, lakini mdomo wa bunduki hauruki juu sana kama ambavyo ungeruka bila ya pete hizo.

Pete hizo hizo ndizo zenye hatari ambayo karibu kila mtu anaisahau. Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi inayonyonya unyevu, na huoshwa kwa maji ya moto, si kwa mafuta peke yake. Maji yakipita chini ya pete hayatoki. Baada ya harusi kumi na Idi kumi, fedha inang'aa juu na chuma kinaliwa chini yake, palepale karibu na chumba cha risasi ambapo shinikizo ni kubwa. Kwa hiyo fedha ya matengenezo, kama ipo, isiende kwa fundi bunduki kwanza. Mpelekee sonara anayejua kazi ya zamani, Sinaw au Nizwa, aifungue pete ya nyuma kabisa bila kuikata, apanguse, atazame kwa kioo. Kutu ya juu juu inasuguliwa na pete inarudishwa. Akikuta vishimo ambavyo ukucha unanasa, bunduki hiyo isipigwe risasi tena, ndogo wala kubwa, na baruti ya harusi nayo aitie jirani katika ya kwake.