Juu ya Shairi la "Amina"

Apitaye Barabara ya Uhuru katika Dar es Salaam, ile iliyoitwa Kichwele zamani, hukuta maduka ya khanga karibu na soko la Kariakoo. Huko mume humchagulia mkewe nguo yenye maneno, na maneno hayo ni barua ambayo njia nzima huisoma. Mjini humo alisoma Shaaban Robert tangu 1922 hata 1926. Naye alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi fupi, lililomo katika kitabu chake Maisha Yangu. Hilo nalo ni barua, lakini aliyeandikiwa hayupo kuipokea.

Umbo lake ni tarbia: kila ubeti una mistari minne, na kila mstari vipande viwili vyenye vina. Mstari wa nne haubadiliki, ndio kibwagizo.

Twaona ustadi wa mtungaji katika tendo moja, kufunga. Katika ubeti wa kwanza marehemu afananishwa na ua lililofunga baada ya kuchanua. Hapo kufunga ni kutoweka. Katika kibwagizo mume na mke wamefunga mapenzi, wala hakuna awezaye kuyafungua. Hapo kufunga ni ahadi. Neno ni lile lile, nalo limechukua msiba na faraja pamoja.

Wako wasemao kwamba hili ni ombolezo tu, si shairi la mapenzi, na kwamba vina vilivyopangwa hivi hupoza moyo. Sisi hatukubali. Mtungaji asema habari za maradhi na dua kwa sauti ya upole, pasipo mayowe. Na kila mara hurudi kwenye mstari ule ule, kama mtu ashikaye fundo kwa vidole aone kama limekaza bado.

Upungufu mmoja waweza kutajwa: Amina mwenyewe hatumjui, twamjua aliyebaki. Walakini maneno haya aambiwa yeye, si sisi, na mume hana haja ya kumweleza mkewe habari za mkewe.

Basi mwalimu afundishaye shairi hili asianze kwa kuhesabu mizani. Alisome lote kwa sauti, na wanafunzi waitikie mstari wa mwisho. Baada ya hapo mizani itahesabika vema.