Nati Iliyoshikwa na Kutu

Malori yateremshayo tangawizi kutoka milima ya Mamba Miamba hupita katika hali mbili zisizopatana: huko juu, kusini mwa Upare, ambako kilele cha Shengena kimesimama mita 2,462 juu ya bahari, umande na mvua hulowesha chuma, na huku chini, katika nyika kavu ielekeayo Mkomazi, vumbi huganda juu ya unyevu ule. Mahali paumiapo zaidi ni pale bomba la moshi liunganapo na injini, kwa kuwa moto wa kila safari huunguza mafuta yote yaliyokuwamo katika hesi za bolti na nati zake, na usiku unyevu hurejea pasipo kizuizi.

Fundi wa mji wa Same aletewapo lori la namna hiyo, jambo la kwanza kulipima si wingi wa nguvu zake, bali ni kipi kitakachoshindwa mwanzo, nati au bolti. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi, na kwa kuwa haina pa kukimbilia baina ya hesi na hesi, huzibana zote mbili. Nati ni nene, lakini bolti ni nyembamba, na uwezo wake wa kustahimili kusokotwa hupungua upesi mno kadiri kipenyo kipunguavyo, hata bolti ya milimita 6 isiwe na ila thumuni ya uwezo wa ile ya milimita 12. Basi achomekaye kipande cha bomba kwenye spana ili kurefusha mpini, aghalabu huivunja bolti kabla mkono wake haujapata habari, na kisiki hubaki ndani ya injini, kazi ya saa moja ikageuka kuwa ya siku mbili.

Taratibu iliyo sahihi huanza kwa brashi ya waya, maana mafuta hayapenyi penye uchafu. Kisha hutiwa mafuta mepesi, ya taa au dizeli, wala si oili nzito ya injini, yakaachwa usiku kucha. Asubuhi nati hugongwagongwa pande zake kwa nyundo ndogo ili kutu ipasuke, ndipo ishikwe kwa spana ya ringi iikamatayo pembe zote sita, na kwanza ielekezwe kidogo upande wa kukaza. Ikisogea, hata kwa unywele, hurudishwa, ikatiwa mafuta, ikaenda tena na kurudi, kwani anayeifungua moja kwa moja huisukumia kutu katika hesi zilizo mbele.

Ikikataa, huitwa moto. Chuma hutanuka kiasi cha sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya sentigredi, hivyo tundu la milimita 12 lililozidishiwa joto la nyuzi 300 huongezeka takriban milimita 0.04, nafasi ndogo, lakini yatosha kuvunja mshiko wa kutu. Sharti moto uilenge nati na si bolti, na mafuta yaliyomwagika yapanguswe na njia za dizeli zikingwe kabla ya kiberiti kuwashwa. Nati ianzapo kupoa, hugusishwa nta ya mshumaa, nayo huyeyuka na kufyonzwa ndani. Hikima ya moto si ngeni Upareni: Washana wa Ugweno walikuwa wafua chuma mashuhuri kabla ya ukoloni, na chuma chao kilinunuliwa hata na Wachaga.

Na ikiwa moto nao haukufaa, rai yetu ni kwamba nati ndiyo itolewe mhanga: ipasuliwe ubavuni kwa msumeno wa chuma, ukomee karibu na hesi, kisha patasi iimalizie. Nati mpya hupatikana dukani kwa bei ndogo, ilhali bolti iliyokatikia ndani ya injini hudai keekee, na pengine kichwa cha injini kishushwe. Hivyo basi, ewe mwenye lori, usimhimize fundi wako. Mwachie usiku mmoja wa mafuta, na wakati wa kufunga mdai apake grisi yenye unga wa shaba, usioungua kwa joto la bomba.