Heko kwa Tuzo ya Waigizaji Wasaidizi

Katika filamu, mwenye jina kubwa kwenye bango hapati shida kusifiwa. Ndiyo maana Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike inastahili pongezi. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1937, akaipata Gale Sondergaard. Miaka ile wasaidizi walipewa kibao tu, huku nyota wakuu wakibeba sanamu. Baadaye wote wakapewa sanamu.

Tuzo hii haipimi kazi kwa saa. Beatrice Straight aliishinda kwa kuonekana dakika tano hivi katika Network: mke anayeambiwa na mumewe kwamba amependa kwingine, akapandwa na hasira, akalia, kisha akajikaza. Mwaka 1940 ilikwenda kwa Hattie McDaniel, Mweusi wa kwanza kushinda Oscar, ingawa usiku uleule alikalishwa meza ya kando kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 2014 ikamfikia Mkenya, Lupita Nyong'o, aliyeigiza kama Patsey katika 12 Years a Slave.

Heko kwa walioianzisha. Nawe msomaji, filamu ikiisha usiinuke upesi. Soma majina yote.