Huenda Alitoka Uskoti

Mwaka 1851, mabonde ya Rhondda kusini mwa Welisi yalikuwa na watu wasiofika 1,000, kondoo wakiwa wengi kuliko wenyeji. Mwaka 1911 walihesabiwa zaidi ya 150,000. Kilichowaleta ni makaa ya mawe. Walitoka mashamba ya magharibi mwa Welisi, walivuka kutoka Somerset na Devon, walitoka Ireland, na baadhi walitoka Uskoti. Nao hawakutulia hapo. Wengine waliendelea hadi migodi ya Pennsylvania, wengine hadi Australia, na leo vilembwe wao wanauliza: huyu mzee tuliyeambiwa alikuwa mchimba makaa wa Welisi, asili yake hasa ni wapi?

Kulijibu swali hilo ni ufundi, nami nataka kuusifu. Wapo wanaouona kuwa kipitisha-muda cha wastaafu. Mimi naona ni kazi ya haki. Mchimba makaa hakuandika habari zake mwenyewe. Wengi wao hata siku ya ndoa walitia alama ya msalaba mahali pa saini. Waliomwandika ni wengine: msajili, karani wa sensa, mchungaji, mwenye mgodi, mwandishi wa gazeti siku ya mlipuko. Kila mmoja alikuwa na haja yake, na haja ya mchimbaji haikuwamo. Fundi wa nasaba humsikiliza mtu huyo kupitia vinywa vya watu ambao hawakumjali sana, na akiifanya kazi yake vizuri, yule aliyekuwa mstari mmoja ndani ya daftari hupata mama, ndugu, nyumba, na umri wa kuingia shimoni.

Ugumu wa kwanza ni majina. Tuseme unamtafuta John Davies, mkata makaa. Welisi ya karne ya 19 ilijaa akina John Davies. Kwa karne nyingi Mwelisi hakuwa na jina la ukoo. Alitajwa kwa baba na babu, John ap David ap Evan, kama watu wa pwani yetu wanavyosema Salim bin Juma bin Ali. Sheria na makarani wa Kiingereza walipotaka jina moja lisilobadilika, jina la baba liligandishwa palepale lilipokuwa. Mwana wa David akawa Davies, mwana wa John akawa Jones, ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell. Na kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa machache, koo zisizohusiana kwa lolote zikajikuta na jina moja. Mashambani desturi ya kale ilidumu mpaka ndani ya karne ya 19, hata ndugu wa tumbo moja wangeweza kuingia daftarini kwa majina mawili. Wachimbaji wenyewe walitofautishana kwa lakabu za kazi, za nyumba na za maumbile. Lakabu hizo ndizo zingetusaidia leo, na ndizo karani alizoziona hazifai kuandikwa.

Kwa hiyo fundi hakimbilii mbali. Huanza na yule anayejulikana kwa hakika, akarudi nyuma hatua kwa hatua, na hatua ya pili haipigi mpaka ya kwanza imekanyaga imara. Uingereza na Welisi zilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837. Cheti cha ndoa kilitaja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, pamoja na kazi zao. Akina mama hawakutajwa. Waliingizwa mwaka 2021. Jambo hili huniuma kila nilifikiriapo: karibu miaka 200 ya ndoa, na aliyembeba bibi harusi miezi tisa hakupewa hata nafasi ya jina. Mama hupatikana kwenye cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, na hapo jina lake la usichana limeandikwa. Kama cheti kipo, maana mpaka mwaka 1875 sheria haikuwabana wazazi ipasavyo, na vipo vizazi vilivyopita bila kusajiliwa.

Sifa kubwa ya fundi, kwa maoni yangu, ni kwamba kila karatasi huiuliza: aliyesema haya ni nani, naye alijuaje? Umri ulio kwenye cheti cha kifo hakuusema marehemu. Aliusema mkwe au jirani aliyekuwapo, mtu ambaye pengine alikadiria tu. Sensa ya 1841 iliwaagiza makarani wapunguze umri wa watu wazima hadi kigawe cha tano, hivyo mwanamume wa miaka 39 akaandikwa 35. Asiyelijua agizo hilo atamkataa babu yake halisi kwa kuwa miaka haikutimia, au atampokea mtu baki kwa kuwa ilitimia. Karani asiyejua Kiwelisi aliandika majina ya vijiji kama yalivyomgonga sikioni. Na anayeishia kwenye faharasa ya intaneti husoma makisio ya mtu mwingine juu ya mwandiko wa mtu mwingine. Fundi hufungua picha ya ukurasa wenyewe, akausoma wote, wapangaji na majirani wakiwemo, kwa sababu shemeji wa mtu mara nyingi alikaa mlango wa pili.

Sensa mbili nazipenda kuliko nyingine. Ya 1891 ilikuwa ya kwanza Welisi kuuliza lugha: Kiwelisi, Kiingereza, au zote mbili. Hapo unaweza kuikuta nyumba ambamo baba ana Kiingereza peke yake, mama ana Kiwelisi peke yake, na watoto wana zote mbili, ukaanza kuwaza jinsi uchumba wa wazazi hao ulivyokwenda na nani alimfasiria nani. Ya 1911 iliwauliza wanawake walioolewa wamezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamekufa. Wajane hawakutakiwa kujibu. Wengi walijibu hata hivyo. Karani alipita baadaye na kalamu yake akakata majibu yao kwa mstari, lakini chini ya mstari tarakimu zinasomeka mpaka leo. Na kwa kuwa mwaka huo fomu za wenye nyumba zenyewe zilihifadhiwa, mara nyingi mwandiko unaoutazama ni wa mtu wa nyumba ile, si wa karani.

Kabla ya 1837 tegemeo ni daftari za makanisa, na Welisi hapo ina taabu yake. Watu wengi wa mabonde hawakuwa wa Kanisa la Uingereza. Walikuwa Wabaptisti, Wamethodisti na Waindipendenti, waliosali katika nyumba zao za ibada kwa Kiwelisi, na daftari zao nyingine zilipotea pamoja na wachungaji waliohama nazo. Zilizokabidhiwa serikalini kuanzia 1837 zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka mjini London. Wabaptisti nao hawakubatiza watoto wachanga, hivyo tarehe ya ubatizo inaweza kuwa ya mtu mwenye ndevu.

Hapa ndipo kuna kanuni inayowatenga mafundi na wakusanya-majina: kabla hujampokea mtoto aliyebatizwa kuwa babu yako, hakikisha hakufa akiwa mtoto. Ukimpata John mwana wa David, parokia ile ile na mwaka ule ule unaoutaka, kazi ndiyo kwanza inaanza. Fundi huenda kwenye daftari la mazishi, akilihofia jina lile lisionekane, na likionekana humwacha mtoto yule alale, hata kama tayari ameshafurahi na kuwapigia ndugu simu. Nasaba nyingi zilizotandazwa mitandaoni zimejengwa juu ya vitoto vilivyozikwa kabla ya kutembea.

Vifo vya mgodini vimeacha karatasi nyingi kuliko maisha ya mgodini. Tarehe 14 Oktoba 1913 mgodi wa Universal ulilipuka kijijini Senghenydd, wakafa wachimbaji 439, na mwokoaji mmoja. Magazeti yalichapa orodha za majina. Maktaba ya Taifa ya Welisi, iliyoko Aberystwyth, imeyaweka magazeti ya zamani mtandaoni bila malipo hadi mwaka 1919, na asomaye orodha zile huona baba na wana wakifuatana. Meneja alitozwa faini ya pauni 24, kampuni pauni 10.

Sauti za wachimbaji wenyewe zinasikika zaidi katika ripoti ya mwaka 1842 kuhusu ajira za watoto migodini. Wajumbe wa tume walishuka na kuhoji, wakaandika majina, umri na maneno. Wamo watoto wa miaka 6 na 7 waliokaa gizani kutwa nzima kufungua na kufunga milango ya hewa. Mjumbe mmoja, Robert Hugh Franks, aliripoti juu ya Welisi ya kusini na pia mashariki mwa Uskoti, ambako aliwakuta wanawake na wasichana wakipanda ngazi na makaa mgongoni. Sheria ya mwaka ule iliwaondoa chini ya ardhi wanawake wote, na wavulana wasiofikia miaka 10. Asiyempata nduguye kwa jina ndani ya ripoti ile bado atampata kwa hali, kwa kijiji na kwa mgodi wenyewe.

Sasa Uskoti. Familia nyingi za Welisi zina hadithi kwamba bibi fulani alitoka huko, na fundi huipokea hadithi kama anavyopokea cheti: kwa heshima, na kwa maswali. Mtoto wa Rhondda mwenye jina la katikati la Kiskoti ni dalili nzuri, kwa maana Waskoti walikuwa na mazoea ya kumpa mtoto jina la ukoo wa mama au wa nyanya. Walikuwa pia na utaratibu, ingawa haukufuatwa na wote, wa kumpa kifungua mimba wa kiume jina la baba wa baba, na wa pili jina la baba wa mama. Lakini mtoto aitwaye Stuart mjini Cardiff huenda hana damu ya Uskoti hata tone. Gati kubwa lililofunguliwa pale mwaka 1839 lilijengwa na Markizi wa Bute, Mskoti wa ukoo wa Crichton-Stuart, na jina la tajiri mwenye ardhi na bandari hupendeza kwa mtoto wa maskini.

Mtazame Keir Hardie, Mskoti aliyechaguliwa mwaka 1900 kuwa mbunge wa Merthyr Tydfil, akabaki mbunge wa wachimbaji wale wa Welisi mpaka kifo chake mwaka 1915. Alizaliwa Lanarkshire mwaka 1856, akaanza kazi ya mgodini akiwa na miaka 10. Mama yake, Mary Keir, alikuwa mtumishi wa nyumbani ambaye hakuwa ameolewa. Baadaye aliolewa na David Hardie, seremala wa meli, na jina Hardie ni la baba huyo wa kambo. Kama mtu aliyejulikana nchi nzima hakubeba jina la ukoo la baba yake wa damu, fundi afanye haraka ya nini kwa asiyejulikana?

Upo pia ukweli mmoja mzito kuhusu wachimba makaa wa Uskoti. Kwa sheria ya mwaka 1606 walifungwa kwenye mgodi: mchimbaji hakuruhusiwa kuondoka bila ridhaa ya bwana wake, mgodi ulipouzwa walikwenda nao, na desturi ikawa baba kupokea fedha siku ya ubatizo wa mwanawe, kuwa ahadi ya kumfunga na mtoto naye. Walifunguliwa kwa sheria mbili, ya 1775 na ya 1799. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa sababu walihesabiwa pamoja na mali, majina yao yamo katika nyaraka za mabwana wenye ardhi, na huenda mtu akampata mzee wake aliyefungwa kwa urahisi kuliko mwana wa mzee huyo, aliyeondoka huru bila kuaga daftari lolote. Fundi anaufurahia ugunduzi wa namna hiyo na kuusikitikia kwa pamoja, na sioni kwa nini achague kimoja.

Basi turudi kwa John Davies, ambaye jamaa zake wanasema mama yake alikuwa Mskoti. Sensa ya 1851 ya Welisi ilitaka parokia ya kuzaliwa, lakini kwa aliyezaliwa Uskoti karani aliruhusiwa kuandika jina la nchi peke yake, na mara nyingi ndivyo alivyofanya. Ukuta huo umewazuia wengi. Ila Uskoti ilipoanza usajili wake tarehe 1 Januari 1855, iliuliza zaidi ya majirani zake: cheti cha kifo hutaja baba na mama wa marehemu, jina la usichana la mama likiwemo, na mwanamke aliyeolewa hupatikana kwenye faharasa kwa jina la kwao pia. Mama wa John alikufa Welisi, cheti chake hakisemi chochote juu ya wazazi. Jina lake la usichana, hata hivyo, limo kwenye cheti cha kuzaliwa cha John. Kwa hiyo anayetafutwa sasa ni dada wa mama huyo, yule ambaye hakuhama, aliyeolewa Lanarkshire au Ayrshire na kufia huko baada ya 1855. Huenda wapo wanawake kumi wa jina hilo. Huchukuliwa mmoja mmoja, na kwa kila mmoja hutazamwa kama wazazi wake walikuwa na binti mwingine ambaye baada ya mwaka fulani haonekani tena katika daftari za Uskoti, wala kwenye ndoa, wala kwenye mazishi.