Volti Zinazopotea Njiani

Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma inaikata wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, ikipita Nyashimo na Lamadi kabla ya kufika lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Huku ni Usukumani: pamba, mpunga, ng'ombe, na mikokoteni ya maksai isiyo na taa. Jua likishazama, giza halichelewi. Dereva wa Land Rover ya zamani anawasha taa kubwa, barabara inapata rangi ya chungwa iliyofifia, na mkokoteni ulio mbele yake atauona akiwa ameshaufikia.

Dawa ya haraka inajulikana: balbu kubwa zaidi. Maduka ya spea yanazo za wati 100, na muuzaji hana sababu ya kumvunja mteja moyo. Fundi umeme anayeijua kazi yake haanzii hapo. Anaomba injini iwashwe, taa ziwashwe, kisha anatoa mita. Anapima kwenye betri, halafu anapima nyuma ya balbu.

Siri yote imo kwenye tofauti ya vipimo hivyo viwili. Mwanga wa balbu ya nyuzi hushuka haraka kuliko umeme unaoilisha: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa asilimia 30 hivi. Betri ikisoma 13.5 na balbu ikasoma 11.5, zaidi ya theluthi ya mwanga imeshaliwa kabla ya kufika kwenye kioo.

Imeliwa na nani? Land Rover za Series, zilizoanza kutoka kiwandani 1948, zinapitisha umeme wote wa taa kwenye swichi ya dashibodi, kisha, kwa matoleo ya mwanzo, kwenye swichi ya dimu inayokanyagwa kwa mguu, ndipo uende mbele kupitia viungo kadhaa. Baada ya nusu karne ya vumbi na masika, kila kiungo kinatoza chake, mithili ya gunia la pamba linalopita kwenye vizuizi vya ushuru. Ndiyo maana balbu ya wati 100 huleta balaa. Balbu mbili za wati 60 huvuta ampea 10. Mbili za wati 100 huvuta karibu 17, na waya uleule mwembamba unapata moto, swichi inaanza kunuka. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza ya enzi hizo, mwisho wake ni ampea 22. Kinachobaki kwa plagi, waipa na kuchaji betri ni kidogo mno.

Wenye magari ya Kiingereza walimtania Joseph Lucas, mwenye jina lililo kwenye dainamo hiyo, kwa kumwita Mkuu wa Giza. Utani mtamu, lakini lawama imezidi: mara nyingi kinachozima taa ni umri, na mikono ya waliowahi kulitengeneza gari.

Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Kampuni ya Lucas iliweka lugha ya rangi: kahawia hutoka betri, bluu yenye mstari mweupe ni fulu, bluu yenye mstari mwekundu ni dimu, nyeusi huenda kwenye bodi. Katika gari lililopita mikono mingi lugha hiyo imevurugwa. Utakuta waya wa redio unalisha taa ya kushoto. Fundi haamini rangi mpaka mita ikubali. Hata upande wa betri anauthibitisha, kwa kuwa Land Rover za miaka ya 1950 zilifungwa chanya kwenye bodi, si hasi. Halafu bodi yenyewe ni ya aluminiamu na bolti ni za chuma. Unyevu ukiingia katikati, vinalana polepole. Kwa hiyo anapiga msasa, anakaza, na bila kuitegemea bodi anavuta waya mnene mweusi kutoka kila taa hadi betri.

Kisha rilei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu. Umeme mzito unatoka betri kupitia fyuzi, unaingia mguu namba 30 na kutokea 87, moja kwa moja hadi kwenye taa. Swichi ya zamani inabaki na kazi ya kuamrisha tu, kwa umeme kidogo wa 85 na 86. Mteja hulalamika kwamba amelipia waya. Ni kweli amelipia waya, na mwanga ameupata.

Ndipo zamu ya balbu inafika: H4 ya wati 60/55, aina iliyoingia sokoni 1971, ndani ya taa ya duara ya inchi saba. Kioo kiwe cha nchi zinazoendesha kushoto kama Tanzania. Kile cha Ujerumani au Ufaransa huinua mwanga upande wa kulia, machoni mwa anayekuja. Balbu za LED za bei rahisi hufanya vurugu hiyohiyo, kwa sababu taa ilichongwa kwa ajili ya uzi mwembamba uliokaa mahali pake hasa.

Mwisho ni kulenga. Gari husimamishwa mita 10 kutoka ukutani, na ukingo wa mwanga wa dimu hushushwa kama sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Msimu wa pamba fundi huuliza kwanza gari litabeba nini, maana magunia yakikandamiza springi za nyuma pua huinuka na taa zote mbili hupanda juu. La kubeba pamba hulengwa likiwa na mzigo wake, hata kama kupakia kutachukua nusu saa.